Lori la Kaptolil na Majina Niliyoyakata

Kama ni Koech aliyechelewa njiani, basi nilikuwa najitesa bure. Kama si Koech, basi ni mimi. Kwa siku tatu swali hilo lililala nami kitanda kimoja na kunivuta blanketi. Majani ya chai ya kituo kizima cha Kaptolil yalikuwa yameungua kabla ya kufika kiwandani. Wakulima walikuwa wamepoteza uchumaji wa siku nzima, na dereva wa lori, arap Koech, aliyekuwa akibeba chai tangu mimi nikiwa darasa la nne, alikuwa ameitwa ofisini Alhamisi aeleze kwa nini asifutwe kazi. Kila mtu kiwandani alikuwa na jibu lake tayari: Koech alipitia mjini Litein akakaa hotelini. Mimi peke yangu nilikuwa na shaka nyingine, na shaka yangu ilikuwa ndani ya kompyuta.

Nyinyi vijana mnaoandika programu mnapenda kuja hapa kwangu Silibwet Jumamosi, mnanikuta na mabuti yangu ya kukamulia ng'ombe, na mnaniambia kwa furaha, "Anti, siku hizi kuna kifaa kinafupisha majina yote kwenye msimbo wa programu mara moja, faili zote, hata kama ni mia." Najua. Mimi niliwahi kukitengeneza kimoja, katika miaka ya tisini, nikiwa na digrii mpya na wasiwasi mwingi. Ndiyo maana nikisikia habari hiyo naacha maziwa yachemke hadi yamwagike.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nahesabu ngazi kabla ya kuzipanda. Nikituma barua, nilirudi posta kuuliza kama imeondoka. Nilipoajiriwa kiwandani, kwenye chumba kimoja nyuma ya mizani ya malori, nilipewa kompyuta moja na maneno haya kutoka kwa Bwana Rotich, afisa wa majani: "Chelangat, tunataka ratiba ya malori itoke kwa mashine. Mzee Odhiambo anakaribia kustaafu, na ratiba yote iko kichwani mwake."

Ilikuwa kweli. Mzee Odhiambo alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaingia kiwandani kama mpakuzi wa magunia, na miaka mingi baadaye ndiye aliyekuwa akipanga lori gani liende kituo gani na saa ngapi. Karani wa kila kituo cha kununulia majani alipiga simu ya redio asubuhi, akataja makadirio ya magunia. Mzee alisikiliza, akatazama mawingu, akasema. Hakuandika chochote.

Mkiwa hamjakulia kwenye chai, jueni kwamba majani yakishachumwa hayana subira. Yakirundikwa gunia juu ya gunia yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyapokei. Kwa hiyo kupanga malori si mchezo, hasa huku kwetu ambako mvua huja karibu kila alasiri kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba.

Nilikaa na Mzee wiki nyingi nikimchimba maarifa. Aliniita nyara, kwa lugha yake binti yangu.

"Kaptolil," nilimuuliza siku moja, "kwa nini kila siku unaitanguliza? Magunia yao ni machache."

"Nyara, umewahi kufika?"

"Bado."

"Kuna kijito pale chini. Kushuka, hata mtoto anashuka. Kupanda na mzigo, mvua ikishanyesha, ile udongo nyekundu inakuwa sabuni. Lori itoke Kaptolil kabla ya saa nane. Magunia machache si kitu. Andika hivyo kwa mashine yako."

Nikaandika. Nilikuwa nimejifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python chuoni kwa mhadhiri aliyekuwa nayo kwenye disketi, na hakuna mwingine hapa aliyeijua, jambo lililonipa fahari na hofu kwa vipimo sawa. Programu yangu ilikuwa na faili tano. Moja ilikuwa ya malori, moja ya kupanga ratiba, moja ya kuchapisha, nyingine ya kusoma makadirio ya karani, na ya tano niliipa masharti ya vituo vyenye matatizo. Huko ndani kila kituo kigumu kilikuwa na kifungu chake cha maagizo chenye jina lake mwenyewe. Kaptolil kilikuwa na kifungu kinachoitwa kaptolil. Nilipoandika jina la kituo kwenye kibodi, programu ilichukua neno hilo hilo kwa herufi ndogo na kwenda kutafuta kifungu chenye jina hilo. Ikikipata, inafuata masharti yake. Isipokipata, inakichukulia kuwa kituo cha kawaida, na vituo vya kawaida vilipangwa kwa wingi wa magunia, vyenye mengi kwanza.

Niliona huo ni ujanja mkubwa. Niliutazama kama mtu anavyotazama ndama wake wa kwanza.

Na majina yangu yalikuwa marefu. Siwezi kueleza jinsi yalivyokuwa marefu. Niliogopa kusahau maana ya kitu, kwa hiyo nikakiita kwa hadithi yake yote: lori_lililorudi_kabla_ya_mvua, magunia_yaliyokadiriwa_na_karani. Mzee Odhiambo, aliyekuwa akisoma begani kwangu, alicheka hadi akavua miwani.

"Hii ni jina ama ni maombi ya kanisani?"

Hapo sikukasirika. Shida ilianza alipokuja fundi wa kutengeneza printa. Alitazama skrini yangu akasema hivi hivi tu, akipangusa mikono, kwamba majina marefu hujaza diski na kuchelewesha mashine. Akaenda zake. Yeye alisahau kabla ya kufika getini. Mimi nililibeba neno hilo nyumbani, nikalila na ugali.

Diski ilikuwa kweli imebaki na nafasi ndogo. Miezi baadaye niligundua kwamba kilichoijaza ni nakala za ratiba za zamani, nilizokuwa naogopa kuzifuta. Ningepima kwanza, ningelijua hilo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Lakini mtu mwenye wasiwasi hapimi, anatengeneza. Nikaandika programu ya sita, ya kuzifupisha zile tano: isome faili zote, iokote kila jina nililobuni, ilibadilishe liwe a, b, c, na kuendelea.

Mara ya kwanza niliiacha ishughulikie faili moja moja. Kifungu cha kupakia kiliitwa d kwenye faili ya malori, na kwenye faili ya ratiba, ambako kilitajwa tu kutoka mbali, kikawa k. Faili moja ilimwita k, na huko kwingine hakuna mtu anayeitwa k. Programu ilikataa kuanza. Nilimweleza Mzee, naye akaelewa haraka kuliko wenzangu wa chuoni.

"Kama nyinyi Wakipsigis," alisema. "Ofisini mtu ni Koech, kwao ni Kipkoech. Ukienda boma yake uulize Koech, watatoka wanaume sita."

"Si hivyo tu, Mzee. Ukikata Kip na ukikata Chep, Kipkoech na dada yake Chepkoech wanakuwa mtu mmoja."

"Basi wacha kukata watu majina."

Sikuacha. Nilitengeneza jedwali moja la majina kwa faili zote. Ikatokea ajabu ya pili: nilikuwa nimebuni kifungu changu kikaitwa sort, na lugha yenyewe ina sort yake ya kupanga orodha. Mkataji wangu, yaani ile programu ya sita, hakujua tofauti ya changu na cha mwenyeji, akavifyeka vyote. Hiyo nayo ilipiga kelele, programu ikakwama, nikairekebisha.

Ya tatu haikupiga kelele, ila ilichekesha. Mkataji aliingia hata ndani ya maneno ya kuchapisha. Asubuhi moja Koech alisimama mlangoni na karatasi yangu ya majaribio aliyoiokota karibu na printa, kofia imesukumwa nyuma, akaniamkia kwa Kipsigis.

"Madam Kompyuta, chamgei. Hapa imeandikwa 'b la kwanza liende Chepilat.' Sasa hiyo b iko na gia ngapi?"

Wapakuzi nje walikufa kwa kicheko. Wiki nzima malori yote yaliitwa b. "B imewasili!" walipiga kelele kwenye mizani. Nilicheka nao kwa nje. Nikaagiza mkataji asiguse kamwe chochote kilicho ndani ya alama za kunukuu, nikaona nimemaliza.

Niwaambie jambo nililojifunza kwa bei kubwa. Kosa linalopiga kelele ni rafiki yako. Linakuaibisha mbele ya watu, lakini linakuonyesha lilipo. Nililopaswa kuogopa ni lile linalokaa kimya na kukutolea karatasi safi yenye mistari iliyonyooka.

Nilijaribu nakala fupi, ile iliyokatwa majina, kwa data ya siku mbili. Ratiba ilitoka sawasawa na ile ya nakala ndefu. Lakini nilichagua vituo gani? Nilichagua vile vya kando ya lami, kwa sababu ndivyo nilivyovifahamu na kuvipenda. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na sharti. Ilikuwa kama kujaribu daraja kwa kutembea kando yake.

Jumamosi nakala fupi nikaifanya ndiyo ya kutoa ratiba za kazi. Jumapili nikaenda kanisani nikashukuru. Wiki hiyo Mzee Odhiambo alikuwa kwao kwenye mazishi, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na jicho la kuipitia ratiba kabla haijatoka. Jumatatu makarani wakapiga simu, nikaandika vituo na magunia, printa ikalia, nikachana karatasi nikampa Koech. Sikuisoma. Mimi, niliyekuwa nikirudi posta kwa ajili ya barua moja, sikuisoma, kwa sababu ilitoka kwa mashine.

Mvua ilianza kabla ya saa tisa. Lori la Koech lilikutwa chini kule kwenye kijito cha Kaptolil, magurudumu yamezama hadi ekseli, magunia juu yake yakitoa mvuke. Trekta ililivuta jioni. Majani yalikuwa mekundu, na kiwanda kikayakataa yote. Karatasi ya ratiba ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Koech na ilikuwa imegeuka uji.

"Karatasi ilisema Kaptolil mwisho," alimwambia Bwana Rotich pale uwanjani, maji yakimtiririka kidevuni.

"Koech, usinichezee. Kaptolil haijawahi kuwa mwisho."

"Leo ilikuwa mwisho. Uliza Madam."

Bwana Rotich aligeuka akanitazama. Na mimi, wanangu, nilisema, "Sikuangalia vizuri."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilimwacha mtu peke yake kwenye mvua.

Jumanne mama mmoja wa Kaptolil alikuja hadi getini akiwa na kikapu kitupu mgongoni. Hakuomba chochote. Alitaka tu dereva asikie. Alisema alichuma tangu alfajiri na binti zake wawili, wakasimama kituoni wakitazama barabara mpaka majani yakawachoma mikono kwa joto. "Huyu Koech asirudi kwetu," alisema. "Akirudi tutalala barabarani." Koech alikuwa hatua kumi kutoka hapo, akipangusa kioo cha lori kilichokuwa safi tayari.

Mtauliza kwa nini sikwenda kwenye kompyuta papo hapo. Nilikuwa na sababu nyingi, nilizipanga vizuri. Pengine Koech alisoma vibaya. Pengine nilikosea kuandika magunia. Pengine nikigusa mashine nitaharibu ushahidi. Nikisema ni mimi na kumbe si mimi, nitakuwa nimemwaga kazi yangu ya kwanza bure. Wazazi wangu waliuza ng'ombe nisome. Nilizunguka hivyo hadi Jumatano, Mzee Odhiambo aliporudi, vumbi la safari bado kwenye viatu. Alinikuta nimeketi mbele ya skrini iliyozimwa.

Nilimweleza yote. Alivuta kiti.

"Nyara, umeuliza mashine?"

"Bado."

"Unaogopa haitajibu?"

"Naogopa itajibu, Mzee."

"Basi washa."

Kitu kimoja nilichokuwa nimefanya sawa, kwa sababu ya woga wangu huo huo, ni kuhifadhi nakala ndefu kwenye disketi kabla ya kukata. Niliiweka ndani. Nikaandika tena makadirio ya Jumatatu kutoka kwenye daftari la simu za makarani, neno kwa neno, mara mbili: mara moja kwa nakala ndefu, mara moja kwa fupi. Karatasi mbili zikatoka. Mzee aliziweka juu ya meza ubavu kwa ubavu, akashuka nazo kwa kidole kimoja kila upande, kama mtu anayekagua mistari ya michai.

Kwenye ile ndefu, Kaptolil ilikuwa ya kwanza. Kwenye ile fupi, kidole chake kilishuka, kikashuka, kikasimama mwisho wa karatasi.

"Koech alisoma vizuri," alisema.

Sababu niliiona baada ya robo saa, nikaona haya kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Mkataji alikuwa amebadilisha jina la kifungu cha kaptolil likawa r. Mimi kwenye kibodi niliendelea kuandika Kaptolil, kwa sababu ndivyo kituo kinavyoitwa na watu. Programu ilikwenda kutafuta kifungu cha jina hilo, haikukipata, na kama nilivyoifundisha mwenyewe, haikulalamika. Iliona ni kituo cha kawaida chenye magunia machache, ikakipeleka mwisho. Vituo vingine viwili vyenye masharti vilipotea vivyo hivyo. Kimoja hakikuwa na majani siku hiyo, na kingine kilikuwa na magunia mengi kikatangulia kwa bahati.

Kwa hiyo mnaponionyesha vifaa vyenu, huwa nauliza maswali yale yale, na mnanivumilia. Jina hili linajulikana na nani nje ya programu? Kuna mtu analiandika kwa mkono? Limehifadhiwa kwenye faili ya jana? Kuna mahali programu inalitafuta kwa kulisoma kama neno? Kama jibu ni ndiyo, hilo si lako kulikata. Kata yale ya ndani ya kifungu kimoja, yanayozaliwa na kufa humo humo, ikiwa lazima ukate. Na popote ulipoandika "usipokipata, endelea tu," futa, uandike "usipokipata, simama unipigie kelele." Kisha linganisha matokeo ya nakala mbili kwa siku ngumu kuliko zote ulizo nazo. Siku rahisi hazikuambii kitu.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Jumatano ile nilijua jambo moja tu, kwamba kesho yake saa nne Koech angesimama mbele ya meza ya Bwana Rotich.

"Naweza kurudisha nakala ndefu sasa hivi," nilimwambia Mzee. "Kesho ratiba itatoka sawa. Haitatokea tena."

"Ni vizuri. Rudisha." Alisimama, akachukua kofia yake. "Na Koech utamrudisha na disketi gani?"

Nililala usiku huo. Sijui kwa nini. Pengine swali likishajibiwa halina haja ya blanketi.

Alhamisi saa nne kasorobo nilibisha kwenye mlango wa Bwana Rotich. Ndani, Koech alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, kofia mapajani, amevaa koti la Jumapili. Hakunitazama. Niliweka karatasi mbili mezani.

"Bwana Rotich, Koech alikwenda mahali karatasi ilipomtuma. Hii ndiyo karatasi aliyopewa, nimeitoa upya. Na hii ndiyo ambayo ingepaswa kutoka. Nilibadilisha programu Jumamosi bila kumwonyesha mtu. Kosa ni langu."

Alizisoma muda mrefu. Nilisikia mashine za kusagia chai chini sakafuni. Kisha akavua miwani na sauti yake ikashuka, si kwa ukali.

"Chelangat, wewe bado ni mtoto kwa hii kazi. Tuandike kwamba mashine iliharibika. Mashine huharibika. Koech anarudi kazini, wewe unaendelea, na imeisha."

Niliona mlango umefunguliwa mbele yangu, na kwa sekunde chache nilitaka sana kuupita. Ndipo nikamtazama Koech. Alikuwa anatazama kofia yake, na nilijua anachofikiria, kwa sababu kila mtu kwenye chai angefikiria hivyo: kesho atapeleka lori Kaptolil, na watu wa Kaptolil wakiambiwa habari za mashine watasema kiwanda kimemficha dereva wake.

"Mashine haikuharibika," nilisema. "Ilifanya nilichoiambia. Na Kaptolil hawatakubali habari ya mashine. Naomba niende na Koech kesho kwenye lori, niwaambie mwenyewe."

"Watakutukana."

"Najua."

Koech aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Watamtukana kweli, Bwana," alisema. "Yule mama wa kikapu, hata mimi namwogopa." Halafu akaniambia, taratibu, "Utakaa mbele, Madam. Huko nyuma kuna vumbi."

Ijumaa asubuhi, kwa ruhusa ya Bwana Rotich, tulikuwa lori la kwanza kutoka. Tulishuka hadi kijitoni, na kwa mara ya kwanza nikauona ule udongo mwekundu niliokuwa nimeuandika bila kuuona. Kituoni wanawake walikuwa kwenye foleni, vikapu chini, na walipoliona lori la Koech walianza kusogea barabarani. Yule mama alikuwa wa mbele. Koech akazima injini kabla hawajatufikia.

Nilifungua mlango mwenyewe, nikashuka, nikapanda kwenye jukwaa la mizani ili wa nyuma wanione. Niliwaamkia kwa Kipsigis, nikawaambia jina langu na kazi yangu, kisha nikawaambia kwamba Jumatatu walisimama na majani yao kwa sababu yangu, wala si kwa sababu ya Koech, na kwamba nimekuja wanisemeshe mimi.